Msuli unavuta tu: basi mkokoteni unasukumwa na nini?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa mkokoteni hapa Mwanza, nachukua magunia ya dagaa soko la Mwaloni na kuyapeleka kwa wateja. Juzi nilibishana na mwenzangu anayefanya mazoezi jimu. Nilimwambia kwamba shuleni tulifundishwa msuli unavuta tu, hausukumi. Akanicheka, akasema: "Wewe kutwa nzima unasukuma mkokoteni, huo mkono unasukumwa na nini? Msuli unavimba, ukishavimba unausukuma mfupa." Nikakosa la kujibu. Naomba unieleze msuli umeshikana vipi na mfupa, na kama kazi yake ni kuvuta tu, kusukuma kunatoka wapi. Halafu kuna jambo lingine: kwa nini siku nikiteremsha mzigo mlimani, kesho yake mapaja yananiuma kuliko siku niliyopandisha?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Shuleni hawakukudanganya. Misuli yote inayoendesha mifupa yako, kuanzia shingoni hadi unyayoni, inavuta tu, na hakuna hata mmoja unaoweza kusukuma. Lakini mwenzako naye usimcheke, kwa sababu hoja yake iliaminiwa na wasomi kwa karne nyingi. Tangu enzi za Wagiriki wa kale kulikuwa na wataalamu waliodhani kwamba kuna pumzi nyepesi inayotoka kichwani, inapita ndani ya neva na kuujaza msuli mpaka unavimba. Mfaransa René Descartes, mmoja wa watu makini kuliko wote wa karne ya 17, bado aliandika hivyo hivyo.

Aliyeipima hoja hiyo ni Mholanzi Jan Swammerdam, katika miaka ya 1660. Alichukua msuli wa chura ukiwa bado na neva yake, akautia ndani ya chupa ndogo ya kioo yenye mdomo mwembamba sana, na kwenye ule mdomo akaweka tone la maji. Kama msuli unapofanya kazi unajazwa kitu, basi ungeibana hewa iliyomo ndani ya chupa na tone lingepanda. Akaibana neva, msuli ukajikunja, tone halikupanda. Hakuna kilichoingia. Msuli ulibadilika umbo, ujazo wake ukabaki ule ule.

Kwa hiyo mwambie mwenzako aishike bisepsi yake, ule msuli wa mbele ya mkono, kisha akunje kiwiko. Kinachopanda pale ni nyama ile ile iliyokuwa imelala kwa urefu. Sasa imefupika, na kwa kuwa ujazo haupungui wala hauongezeki, imenenepa katikati. Unene ni matokeo ya kufupika. Na atazame msuli unanenepa kuelekea wapi: unaelekea kwenye ngozi, upande ambao hauna mfupa wowote wa kusukumwa.

Kwa nini basi msuli uweze kufupika tu, usiweze kujirefusha kwa nguvu na kusukuma? Jibu limo ndani kabisa ya nyama. Msuli ni mkusanyiko wa nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu. Ndani ya uzi kuna vipande vidogo vilivyopangwa foleni, vinaitwa sarkomia. Kila kimoja kina urefu wa karibu mikromita 2 na nusu msuli ukiwa umetulia, maana yake katika milimita moja ya uzi vinaingia vipande 400 hivi. Na ndani ya kila sarkomia kuna nyuzi ndogo zaidi za aina mbili: nyembamba za protini iitwayo aktini, na nene za protini iitwayo miosini, zimepishana, ncha za hizi zikiingia katikati ya hizi.

Mwaka 1954, katika toleo moja la jarida la Nature, makundi mawili ya watafiti yalitangaza jambo lile lile. Kundi moja lilikuwa la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, la pili la Hugh Huxley na Jean Hanson. (Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu.) Walionyesha kwamba msuli unapofupika, zile nyuzi za protini zenyewe hazifupiki. Zinateleza, moja ikiingia zaidi katikati ya nyingine. Baadaye ikajulikana zaidi kinachozitelezesha: miosini ina vichwa vidogo vinavyoishika aktini, vinaivuta nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), vinaiachia, vinaishika tena mbele kidogo. Umewaona wavuvi waliojipanga mwaloni wakivuta kamba ya wavu. Mmoja akiachia ili ashike mbele, wenzake bado wameshika, kwa hiyo kamba hairudi ziwani. Vichwa vya miosini vinafanya kazi kwa mtindo huo, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kwa zamu yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vichwa hivyo vyote, vya pande zote mbili, vinaivuta aktini kuelekea katikati ya sarkomia. Hakuna hata kimoja kilichoumbwa kuisukuma itoke. Msuli uliofupika hauna namna ya kujirudisha wenyewe kwenye urefu wake. Lazima kitu kingine kiuvute: msuli wa upande wa pili, au uzito wa kiungo chenyewe, au mzigo. Ndiyo sababu misuli yako imepangwa kwa kukabiliana, mmoja mbele ya kiungo, mwingine nyuma.

Agizo la kufanya kazi linatoka kwenye neva. Neva ikifika kwenye uzi wa msuli inamwaga kemikali iitwayo asetilikolini, uzi unapata mshtuko wa umeme, kalsiamu inafunguliwa kutoka kwenye hifadhi zake ndani ya uzi, na kalsiamu hiyo ndiyo inayofungua mahali ambapo vichwa vya miosini vinaweza kushika. Nishati inatoka kwenye kemikali iitwayo ATP, na hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: kichwa cha miosini kinahitaji ATP hata ili kiachie. Waosha maiti wanalijua hili kwa mikono yao. Saa chache baada ya mtu kufariki viungo vinakakamaa, kwa sababu ATP imekwisha na vile vichwa vimebaki vimeshika. Vinalegea siku moja au mbili baadaye, protini zenyewe zinapoanza kuharibika.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote. Nguvu hiyo inafikaje kwenye mfupa?

Watu hufikiri msuli umebandikwa kwenye mfupa kwa kitu mithili ya gundi. Sivyo. Kila uzi wa msuli umefunikwa na utando mwembamba wa protini iitwayo kolajeni. Nyuzi nyingi zikikusanyika kuwa fungu, fungu nalo lina utando wake. Mafungu yote kwa pamoja, yaani msuli mzima, yana utando mwingine wa nje. Nyama inapoishia, tando hizo haziishii hapo. Zinaendelea, zinakusanyika, zinabanana, na zinakuwa ile kamba nyeupe ngumu tunayoiita kano. Kwa hiyo kano si kitu cha pili kilichofungwa mwishoni mwa msuli. Ni mwendelezo wa vifuniko vilivyokuwa ndani ya msuli tangu mwanzo, na kila uzi, hata ule wa katikati kabisa, una njia yake ya kupeleka mvuto hadi kwenye kano.

Pale uzi wa nyama unapokutana na kolajeni, ngozi ya seli imejikunjakunja na kuingiliana na kano ili eneo la kushikana liwe kubwa kuliko lingekuwa kama zingekutana bapa kwa bapa. Hata hivyo, mtu akichanika msuli, mara nyingi huchanika karibu na makutano hayo. Wachezaji mpira wanaoshika nyuma ya paja ghafla na kuanguka wengi wao wameumia hapo.

Ukitaka kuiona kano bila kwenda chuo cha udaktari, nenda kwa muuza supu ya makongoro asubuhi. Mguu wa chini wa ng'ombe karibu hauna nyama. Ni mifupa, ngozi, na kano ndefu nyeupe zinazopita kwenye viungo hadi karibu na kwato. Misuli inayoziendesha ipo juu huko, karibu na mwili, na faida yake ni kwamba ncha ya mguu inabaki nyepesi na rahisi kurushwa mbele na nyuma. Ule mnato wa supu kwenye midomo ni kolajeni ya kano, ngozi na gegedu, iliyogeuka jelatini baada ya kuchemka saa nyingi.

Wewe nawe umejengwa hivyo. Weka kigasha chako, yaani mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, mezani, kiganja kikiwa kimetazama juu, kisha kunja vidole kimoja kimoja ukikiangalia kigasha karibu na kiwiko. Utaona nyama inacheza mbali kabisa na vidole. Ndani ya vidole vyenyewe hamna misuli ya kuvikunja. Misuli iko kwenye kigasha, mingine midogo iko kiganjani, na kano ndizo zinazopita kifundoni mwa mkono kupeleka mvuto. Kama misuli yote hiyo ingekaa vidoleni, usingeweza kushika sindano.

Upande wa mfupa kuna tatizo jingine. Kano inapinda, mfupa haupindi, na popote kitu laini kinapokutana ghafla na kitu kigumu, mvuto unajikusanya mpakani na kukata. Mwili umelimaliza tatizo hilo kwa kuufuta mpaka wenyewe. Katika nafasi finyu ya milimita moja hivi, kano inageuka hatua kwa hatua: kwanza ni kano tupu, kisha gegedu lenye nyuzi, kisha gegedu lile lile likiwa limeingiwa na madini, kisha mfupa. Nyuzi za kolajeni zinapita katika hatua hizo bila kukatika. Mahali pengine, hasa kwenye mwili wa mfupa mrefu ambapo msuli umeshika eneo pana, nyuzi zinatoboa ngozi ya mfupa na kuzama ndani ya mfupa wenyewe. Zinaitwa nyuzi za Sharpey, kwa jina la William Sharpey, Mskoti aliyefundisha anatomia katika karne ya 19. Muunganiko huu ni imara kiasi kwamba ajali ikiwa mbaya, wakati mwingine kano haichomoki kwenye mfupa. Inaondoka na kipande cha mfupa.

Na mfupa haukai kimya chini ya mvuto huo. Pitisha kidole nyuma ya sikio lako, utagusa nundu ya mfupa inayoelekea chini. Msuli mrefu wa shingo, ule unaojitokeza ukigeuza kichwa upande, umeshika hapo. Mtoto mchanga nundu hiyo hana. Inajengeka kadiri anavyokua, anaanza kukaza shingo na msuli unavuta. Nundu nyingi na mikwaruzo mingi iliyopo kwenye mifupa ni alama za mahali palipovutwa.

Haya, sasa shika mpini wa mkokoteni tujibu swali la mwenzako.

Gusa ncha ya kiwiko chako, ule mfupa unaokita mezani ukiegemea. Ncha hiyo ni sehemu ya mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole kidogo, na imechomoza kidogo nyuma ya bawaba ya kiwiko. Nyuma ya mkono wako wa juu kuna msuli unaoitwa trisepsi. Una vichwa vitatu: kimoja kimeanzia kwenye kombe la bega, viwili vimeanzia nyuma ya mfupa wa mkono wa juu. Vyote vinaungana kuwa kano moja pana inayoshika ile ncha ya kiwiko. Msuli huo ukifupika, unaivuta ncha kuelekea begani. Lakini egemeo, yaani ile bawaba ya kiwiko, liko kati ya ncha na kiganja, kwa hiyo ncha ikivutwa kwenda juu na nyuma, kiganja kinatupwa upande wa pili. Mkono unanyooka. Trisepsi imevuta, na kiganja kimesukuma.

Usiniamini kwa maneno. Simama mbele ya ukuta, sukuma kwa mkono wa kulia kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo na kiganja kikiwa juu ya usawa wa kiwiko, na kwa mkono wa kushoto upapase mkono huo mbele na nyuma. Nyuma utakuta pagumu, mbele palaini. Kisha shika ukingo wa meza nzito uivute kwako, upapase tena. Mambo yamegeuka: bisepsi imekaza, trisepsi imelegea. Bisepsi nayo inavuta vile vile kama trisepsi. Tofauti ni mahali iliposhika, maana kano yake imeshika mfupa mwingine wa kigasha, ule wa upande wa kidole gumba, mbele ya egemeo. Kwa hiyo ikivuta, kiganja kinakuja kwako. Ukijua msuli umeanzia wapi, umeshika wapi na umepita upande gani wa kiungo, unaweza kutabiri utafanya nini hata kabla hujauona ukifanya kazi. Sisi tunaofundisha anatomia hatuna siri nyingine zaidi ya hiyo.

Mpango huu una gharama yake, na wewe unailipa kila siku. Kano ya trisepsi imeshika karibu sentimita 2 tu kutoka kwenye egemeo, ilhali kiganja kiko sentimita 30 hivi. Chukulia magunia yamelemea mbele ya ekseli na unalazimika kuukandamiza mpini usinyanyuke, vigasha vikiwa vimelala. Kama kiganja kimoja kinakandamiza kwa nguvu ya kilo 10, trisepsi ya mkono huo inavuta kwa nguvu ya karibu kilo 150, mara 15. Aliyeliona jambo hili mapema ni Mwitaliano Giovanni Borelli, ambaye hesabu zake zilichapwa mwaka 1680 na 1681 akiwa ameshafariki. Kabla yake watu walidhani mwili una hila ya kunyanyua kikubwa kwa nguvu ndogo. Yeye akaonyesha kinyume: msuli unatumia nguvu kubwa kuliko mzigo, mara nyingi kubwa zaidi kwa mbali.

Kwa nini mwili ukubali hasara hiyo? Kwa sababu inarudi kwa njia nyingine. Trisepsi ikifupika sentimita 1, kiganja kinasafiri sentimita 15, tena kwa muda ule ule. Msuli hauwezi kufupika sana, lakini una nguvu nyingi, na wenzo wa aina hii unaibadilisha nguvu kuwa mwendo. Bila hivyo usingeweza kurusha jiwe, kupiga ngumi wala kukwepa bodaboda.

Hapo hapo pana ushauri wa kazi yako. Panga magunia yasawazike juu ya ekseli, ili mikono isifanye kazi ya kukandamiza mpini. Na unaposukuma, nyoosha mikono karibu ifike mwisho na uinamishe mwili mbele. Mikono ikiwa hivyo, nguvu inapita moja kwa moja ndani ya mifupa kutoka begani hadi kiganjani, inapita karibu kabisa na kiwiko, na trisepsi inabaki na kazi ndogo ya kukizuia kiwiko kisikunjike. Wazee wa mikokoteni wanalifanya hili bila kuhesabu chochote.

Maana ukweli ni kwamba mkokoteni hausukumwi na mikono. Mikono inapitisha tu. Unasukumwa na miguu inayoikanyaga ardhi kwenda nyuma, na huko nako ni kuvuta kutupu. Msuli mkubwa wa makalio unauvuta mfupa wa paja kwenda nyuma. Misuli minne ya mbele ya paja inaungana kuwa kano moja inayopita juu ya goti na kushika mfupa wa muundi chini yake, na ikivuta, goti linanyooka. Ndani ya kano hiyo umekaa mfupa mdogo, pia ya goti, ambao kazi yake kubwa ni kuisogeza kano mbali na egemeo ili mvuto upate wenzo mrefu zaidi. Watu walioondolewa pia ya goti kwa upasuaji hutembea, lakini nguvu ya kunyoosha goti hupungua waziwazi. (Nundu iliyo chini ya pia, pale kano inaposhika, ndipo vijana wengi wanaokua haraka na kucheza mpira sana hulalamika maumivu. Kwao mfupa wa hapo bado haujakomaa, na ndio unaoshindwa kwanza kabla ya kano.)

Halafu kuna kigimbi. Misuli yake miwili mikubwa, mmoja ukianzia juu ya goti na mwingine chini yake, inaungana kuwa kano ya kisigino, ambayo ni nene na imara kuliko kano zote za mwili. Tazama ilivyokaa. Mfupa wa kisigino umechomoza nyuma ya kifundo cha mguu, sawasawa na ncha ya kiwiko ilivyochomoza nyuma ya mkono. Kigimbi kinavuta kisigino juu, vidole vinakanyaga chini, na wewe na mkokoteni mnakwenda mbele. Ni hesabu ile ile ya trisepsi imerudiwa mguuni.

Kuhusu jinsi unavyopima nguvu, uwe unasukuma mzigo mzima au unabembeleza tairi lipite kwenye jiwe, ubongo hauuamshi msuli wote kwa mara moja. Seli moja ya neva inaendesha kundi la nyuzi. Kwenye misuli inayozungusha jicho kundi linaweza kuwa na nyuzi kumi hivi, kwenye kigimbi zinazidi elfu moja. Nguvu ikihitajika zaidi, makundi zaidi yanaitwa kazini.

Limebaki la mlimani, na ninafurahi umeliuliza, kwa sababu wengi wanaliona kinyume. Kupandisha kunachosha zaidi, pumzi inakatika, jasho linatoka. Lakini kuteremsha ndiko kunakoumiza msuli.

Ukipandisha, misuli ya mbele ya paja inavuta na inafupika. Ukiteremsha huku unauzuia mkokoteni usikukimbie, kila hatua goti linakunjika taratibu chini ya uzito wako na wa mzigo. Msuli wa paja bado unavuta kwa nguvu zote, ila mzigo unaushinda na kuurefusha. Unavuta huku ukirefushwa. Vichwa vya miosini havipati nafasi ya kuachia kwa zamu yake, vinang'olewa. Msuli ukiwa katika hali hiyo unaweza kubeba nguvu kubwa kuliko ukifupika, kwa hiyo ubongo huita nyuzi chache zaidi kwa mzigo ule ule, na kila uzi ulioitwa unabeba zaidi ya sehemu yake. Baadhi ya sarkomia zinavutwa kupita kiasi na kuharibika, na mwili unaanza kuzitengeneza. Matengenezo hayo ndiyo yanayokuuma. Ndiyo maana maumivu hayaji siku ile, yanakuja kesho yake, yanafikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa kawaida yanakwisha ndani ya wiki.

Utasikia watu wakisema ni asidi iliyoganda kwenye msuli. Hapana. Laktiki asidi inayotengenezwa wakati wa kazi ngumu inaondoka ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Haiwezi kukuuma kesho kutwa.

Habari njema ni kwamba msuli ulioumia hivyo mara moja hujengeka upya kwa namna inayoufanya usiumie tena kirahisi, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo kama hujateremsha mlima kwa muda mrefu, siku ya kwanza punguza magunia na upige hatua fupi. Usianze na mzigo mzima. Na kama baada ya kazi nzito kupita kawaida misuli imevimba na mkojo umegeuka kahawia, usisubiri upone mwenyewe. Nenda hospitali, kwa sababu protini zinazomwagika kutoka kwenye msuli ulioharibika sana zinaweza kuziba figo.

Maumivu ya kano ni tofauti. Kano ina damu kidogo kuliko nyama, kwa hiyo inapona polepole, kwa miezi badala ya siku. Ikianza kuuma kila asubuhi pale inaposhika mfupa, kisiginoni au chini ya pia ya goti, hiyo ni ishara ya kupunguza mzigo mapema kabla haijafika mbali. Na ikitokea siku unasukuma, ukasikia mlio nyuma ya kifundo cha mguu na ukageuka kutazama nani amekupiga teke wakati hakuna mtu, hapo jilaze kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, mwenzako akibane kigimbi kwa kiganja. Kano ikiwa nzima, unyayo utasogea wenyewe. Usiposogea, kano imekatika, na unatakiwa kuwa mbele ya daktari siku hiyo hiyo, hata kama bado unaweza kuchechemea, kwa sababu kano iliyokatika inatibika vizuri zaidi ncha zake zikiwa bado hazijaachana mbali.